Katikati ya Waya

Shilingi mia, dakika tatu. Kijana wa mlangoni
anamfunga Mbeyu mkanda wa kiuno, wa mapaja, wa kifua,
anamvika kofia ngumu ya rangi ya ndizi mbivu,
anavuta kila kamba mara mbili, kama anayefunga mbuzi wa watu.
"Mama, saini hapa." Natia saini
kwamba nikimpoteza mwanangu katika mita thelathini,
juu ya mchanga uliochekechwa,
nyuma ya kituo cha petroli cha Barabara ya Lamu,
sitamdai mtu.

Mimi waya wangu ulivuka Sabaki.

Ngumbao fundi baiskeli aliutoa kiwanda cha chumvi, Gongoni,
umekataliwa na winchi, umeota kutu;
ukiulamba, bado ulikuwa na ladha ya kazi yake ya kwanza.
Upande huu aliufunga kwenye mkwaju, ng'ambo kwenye kipande cha reli
alichokipata wapi, hatukuuliza.
Kapi mbili, grisi ya lori, nusu ya pipa la buluu:
hicho ndicho kilikuwa chombo. Daraja lilikuwepo,
saa mbili kwa miguu, kwa wenye saa mbili.
Nauli shilingi tano, au mayai mawili.
Wanafunzi bure, ila ukirudi urudi na dumu la mafuta ya taa.

Kilivusha nyanya, mihogo, mabati ya kanisa.
Kilivusha godoro la bibi harusi, limekaa peke yake kama mgeni rasmi.
Kilimvusha Haluwa na uchungu wake usiku wa mafuriko,
na watu wa ng'ambo wakahesabu: amepanda mmoja, wameshuka wawili.
(Mtoto aliitwa Kapi. Siku hizi ni karani wa kaunti
na hapendi kuelezwa.)

Asubuhi tulivuka watatu watatu,
viatu shingoni, daftari ndani ya shati,
chini yetu maji ya rangi ya chai ya maziwa
na magogo mawili matatu ambayo hayakuwa magogo.
Miaka sita. Sikupiga kelele hata siku moja.
Meno yalikuwa yameuma mfuko.

Waya una tabia yake, aliyeupanda anaijua:
hukutupa, hukupeleka kwa kasi ya mtu aliyetukanwa,
halafu katikati, pale ulipobonyea, hukuacha.
Mteremko umekwisha, mwinuko haujaanza.
Nyuma wanakuita, mbele wanakuita,
na hakuna mkono wa mtu unaokufikia.
Basi unasimama ndani ya pipa, unashika chuma,
unavuta. Mkono, mkono. Mkono, mkono.
Ile grisi haikutoka hata kwa majivu. Mwalimu Chengo
alinusa daftari tu, akajua nani wa ng'ambo.

"Mama! Niangalie!"

Ameachiwa. Mbeyu anapaa,
sauti yake inamtangulia, nyembamba, ndefu,
sauti ambayo sikujua imo katika koo za ukoo wetu.
Na kwa kuwa ni mwepesi, kilo kumi na nane pamoja na kandambili,
hafiki mwisho. Anapungua, anasita,
anarudi nyuma kidogo, anasimama
katikati.

Miguu inazunguka hewani. Ananitafuta.
Mimi nimekwisha vua viatu, sijui saa ngapi,
na mguu mmoja umo mchangani
kijana anaponiambia, "Usijali mama, kuna kamba ya kumvutia."

Lakini mtoto ameshatazama juu.
Ameuona waya.
Anainua mkono wa kulia, anashika. Wa kushoto, anashika.

"Hairuhusiwi," kijana anasema. "Atachubuka."
"Najua."
Nampa mia nyingine aiweke kamba yake chini,
na tunasimama pale, yeye na mimi,
tukitazama kofia ya ndizi ikisogea shubiri moja,
ikipumzika, ikisogea.
Mkono.
Mkono.